Masikio Munane Chini ya Fromaji

Tarehe 2, mwezi wa kenda

Eh Kasikio! Njo jina nakupa, wewe mwenye utasoma hii kaye, hii daftari yangu. Kasikio, sikio kadogo kenye kanasikia yote na hakatapike kitu. Karibu, ikaa.

Miye ni Kétsia. Niko na myaka kumi na kenda. Nilisoma mupaka wakati vita ilifunga masomo yetu, kisha nikajifundisha peke yangu: radio, telefone, plake ya jua, kila kitu yenye iko na waya. Ku hii kilima ya juu ya Mushaki, muntu akiangusha telefone mu kopo ya maziwa, wanasema tu: "Muite Kétsia."

Lakini kazi yangu ya kila siku ni ku laiteri ya Papa Sebarenzi, nyumba yenye maziwa inageuka fromaji, ile jibini ya kwetu. Naosha makopo, nachuja maziwa, nageuza fromaji ku etajere, zile mbao za ku ukuta. Kilima nzima inaletaka maziwa kwake. Asubui tuko mu mustari moja, siye wenye kulima na wale wenye kuchunga, ata wenye hawasalimiane ku barabara. Ni juu ya alama yake. Nikueleze.

Fromaji ikikomaa, Papa anaiweka ku meza, anaipiga na kifundo ya kidole, to-to-to, anaizunguka yote. Ile wakati hamuna muntu anasema kitu. Mwenye anataka kukohoa anatoka inje. Kama ndani imejaa muzuri, Papa anasema: "Inajibu." Anaichora na kisu mistari mbili, basi, inaenda kuuzishwa. Kama ndani iko tundu ao ufa, anasema: "Imenyamaza." Ile inaenda ku jikoni ya Mama Béata, bibi yake, tunaikula siye.

Miye ananiita Mutoto wa Waya. Hanipende sana. Na miye vilevile.

Leo mvua ya kwanza. Kilima yote inanukia udongo.

Tarehe 4

Mvua. Nimetengeneza radio ya katekiste. Amenipa viazi.

Tarehe 9

Mama Kavira amefika na gari yake ya Fuso. Umujue: ni mufanyabiashara wa Butembo, rozari ku shingo, bote ya mupira ku miguu, na sauti yenye inaamusha ng'ombe zenye zimelala mbali. Wanunuzi wengine wote waliacha hii barabara juu ya masasi, risasi za vita. Yeye peke njo amebaki. Anasema: "Bikira Maria iko mbele, miye niko nyuma, shofere iko katikati."

Leo hakupakia kitu. Alishusha. Fromaji tatu, zimekatwa nusu, akazitupa ku meza, pa! Ndani ya kila moja tundu kubwa kama yai, na kamaji kenye kananuka. Na juu ya kila moja, mistari mbili.

— Papa Sebarenzi, hii alama ni ya nani?

— Ni yangu.

— Uliipiga?

— Niliipiga. Ni barabara yako imezivunja, Mama. Toka hapa mupaka Sake ni mashimo tu.

— Barabara inavunja fromaji, nakubali. Lakini tundu ndani, na ngozi iko muzima? Barabara iko na meno ya ndani?

Watu wa mustari walicheka. Papa hakucheka. Mama Kavira akapunguza sauti, na Mama Kavira akipunguza sauti, Kasikio, njo unaogopa.

— Usikie, Papa. Miye siuzishake fromaji. Fromaji iko pote. Miye nauzisha sikio yako. Ku Goma hawaniulize kama ni ya Masisi, wananiuliza: iko na mistari mbili? Ikirudi tundu mara ingine, nageuza gari, nitatafuta kilima ingine.

Aliondoka na gari mutupu. Kila muntu alikuwa anaangalia kopo yake. Yeye akigeuza gari, maziwa ya kilima nzima inamwangwa mu majani, na ng'ombe yenye hailipe kitu, mu hii vita, haikawie kupotea.

Tarehe 10

Kasikio, nimeona kitu. Usiseme.

Zamani, ng'ombe zikirudi mu ukungu, Papa alikuwa anakaa ku mulango, mugongo kwazo, anazitaja na kengele tu: "Ile ni Gaju. Ile Bihogo, anachelewa kama kawaida yake." Ilikuwa kama mupango ya kila jioni.

Leo kengele zililia. Papa hakugeuka. Aliniangalia miye. Niligeuza kichwa, njo na yeye akageuza. Halafu akasema kwa nguvu: "Ah, zimefika!"

Nikapima. Nilichukua kakengele ka mutamba, nikakatikisa nyuma ya mugongo yake. Hapana kitu. Nikasema "Papa" na sauti nene. Akageuka palepale.

Mu mwezi wa sita bombe ilianguka mu malisho. Iliua ng'ombe moja, Papa alikuwa karibu yake. Alirudi mu muguu, vumbi ku kichwa, anasema iko sawa. Hakuna mwenye alimuuliza habari ya masikio. Tulikuwa tunahesabu ng'ombe.

Tarehe 14

NIMEPATA! Niandike mbio mbele ya batri ya akili kuzimika.

Mwaka ilipita nilisindikiza mama mudogo ku hospitali, mimba yake ilikuwa kubwa. Muganga alitia kale kakichwa ka ekografi ku tumbo, mutoto akaonekana ku televizio. Nilimuuliza: ndani ya kakichwa iko nini? Akaniambia: vipande vidogo vidogo mu mustari. Kila moja inapiga sauti yenye sikio ya muntu haisikie, kisha inasikiliza vile ile sauti inarudi.

Kasikio! Fromaji ni tumbo!

Nilipanda fasi yenye resho ya telefone inashikaka, nikatelesharje, nikashusha kila kitu kwangu. Ingine ni Kifaransa, ingine Kingereza, nilisoma zile za mapicha. Ile kipande, nilikuwa nayo miaka yote mu kikapo yangu! Ni kama ile ya buza, kitu ya kulia: karondele, kaduara ka shaba na doa nyeupe katikati, inakaa mu alarme ya moto, mu saa, mu vitu vya watoto vyenye kuimba. Ukiifinya, inatoa kurant, umeme kidogo. Ukiipa kurant, inalia.

Ya hospitali inasikiliza vile sauti inarudi. Hiyo ni nguvu sana kwangu. Miye nitafanya ya rahisi: munane juu ya fromaji zinalia, munane chini zinasikiliza, na kila sikio ya chini iko na taa yake kadogo. Fromaji imejaa, sauti inapita, taa inawaka. Iko tundu, sauti inakufia pale ndani, taa inazimika. Njo ile ile kazi ya Papa: inajibu, imenyamaza.

Papa amepita: "Mutoto wa Waya, fromaji haijigeuze yenyewe."

Tarehe 16

Nimekusanya buza ya kilima nzima. Watoto wananichukia. Wa katekiste analilia gari yake yenye ilikuwa inaimba.

Tarehe 21

Shida. Vipande vinalia muzuri, lakini havinyamaze. Unavigonga mara moja, vinaendelea tu, kama muntu mwenye alianza kulia ku kilio na amesahau ni nani alikufa. Sauti ya kwanza inafunika ya pili.

Nimesoma. Wenye kutengeneza hii vitu ku fabrike wanapaka nyuma ya kila kipande kole, gundi yenye imechanganywa na unga wa chuma nzito. Ile uzito inakula sauti ya nyuma, kipande inatulia.

Unga wa chuma nzito! Nilicheka peke yangu mu chumba. Wale wanaagiza ile unga mbali, na miye niko na ndugu mwenye analala juu yake. Archange, mutoto wa baba mukubwa, anachimba kasiteriti, ile madini nzito ya bati, kule Walikale. Nimemutumia sauti ku telefone:

— Archange, ukija uniletee kopo moja ya kasiteriti, ile ya unga-unga.

Akajibu:

— Eh dada! Umekuwa komtuari?

Komtuari ni nyumba zenye kununua madini. Hapana Archange, niko naponya fromaji.

Tarehe 29

Archange amefika, pikipiki kidogo, muguu mingi, matope mupaka ku masikio. Kopo iko kadogo kama ya Vaseline lakini nilikaribia kuiangusha.

— Nzito kama zambi, akasema. Ku kila barieri, fasi wanafungaka barabara, nilisema ni dawa ya mende.

Niliisaga mu kinu ya Mama Béata. Akanipigia kelele: "Isirudi mu majani ya sombe yangu! Nitakutafunisha!" Nikachanganya na kole ya vichupa mbili, nikamwanga mu vifuniko vya chupa ya maji, kila kifuniko na karondele yake ndani. Kumi na sita, mistari mbili, muzuri kama vifungo ku shati ya askofu. Kesho itakuwa imekauka.

Tarehe 30

Haijakauka. Mvua.

Tarehe 4, mwezi wa kumi

Nusu ya vipande imekufa. Kasikio, nataka kuvunja kitu.

Nilipima na mashini ya kupima kurant: kurant inapita toka mbele mupaka nyuma, ndani ya kole. Lakini kasiteriti haipitishe kurant! Nilisoma, nilipima tena, nikalia kidogo. Njo nikaona, ku meza, mabaki ya unga. Pembeni kulikuwa sumaku ya bafle ya zamani, ile spika ya muziki. Unga ilikuwa imeota ku sumaku kama ndevu.

Kasiteriti haifuate sumaku. Nikatoka inje na sumaku mu mukono. Archange alikuwa anakula mahindi ya kuchoma.

— Archange, mu kopo uliweka nini?

— Kasiteriti.

— Na nini ingine?

Akatafuna polepole.

— Kidogo ya ile muchanga nyeusi ya chuma.

— Juu ya nini?!

— Ni mazoea, dada. Ukijaza kopo, mukono inachanganya yenyewe. Kule siye wote tunachanganya. Komtuari wanatuibia ku kilo, siye tunawarudishia ku muchanga.

— Lakini miye siko komtuari! Sikupimie kilo! Ni miye, Kétsia!

— Ulisema kopo. Nikajaza kopo.

Kwanza alicheka. Kisha aliniangalia, akaacha kucheka. Amefunga sumaku mu kasashe ka plastike, ameikaa chini, anapitisha ile unga yote, kidogo kidogo, anatoa ndevu, anatupa, anaanza tena. Hajala mahindi ingine.

Tarehe 5

Archange bado anasafisha. Mvua inamwangalia.

Tarehe 8

Masasi upande wa Sake toka asubui. Barabara imefungwa. Maziwa inaendelea kuja, juu ng'ombe haisikilize radio. Etajere imejaa. Papa anapiga fromaji, anapiga tu, anachora tu. Kila moja "inajibu." Miye naangalia miguu yangu.

Tarehe 9

Hakuna fasi tena. Tumetia zingine chini ya kitanda. Mama Béata anasema Papa akikoroma, fromaji inamuitika.

Tarehe 12

Jana mulio ya masasi ilikaribia, tukahamia wote ku uwanja ya kanisa, wachungaji wakapitisha ng'ombe mu pori. Leo imetulia, tumerudi. Wenye bunduki walipita mu laiteri. Wamebeba fromaji, na Kasikio, sikiliza: wamebeba zile za mistari mbili tu. Zenye haziko na alama bado hawakugusa ata moja, na za chini ya kitanda hawakuziona!

Papa alikuwa kama bwana-arusi.

— Munaona? Ata wezi wanajua!

Kilima nzima ilicheka, ata wale wenye hawasalimiane. Nilicheka na miye. Kisha nikafikiri: kule mu pori sasa hivi, muntu mwenye bunduki anakata fromaji ya Papa Sebarenzi na anakuta tundu.

Tarehe 17

Leo naandika mingi, uvumilie.

Vipande vyote vinaishi. Munane nilivifunga ku ubao mufupi, hiyo ya juu. Munane nilivizika ndani ya meza yenyewe, nikatoboa na patasi. Nikaweka fromaji katikati. Nikawasha. Hapana taa ata moja.

Ni hewa. Kati ya kipande na ngozi ya fromaji iko kahewa kembamba, na sauti haipitake pale. Nikapaka maji: ngozi ikaanza kulainika, Papa angeniua. Halafu nikaona kikombe ya mafuta ya ng'ombe ya Mama Béata. Nikapaka mafuta juu na chini.

Taa munane, Kasikio! Zote! Niliruka, nikagonga kichwa ku etajere.

Nikabadilisha fromaji. Zote zikawaka. Nikabadilisha tena: ku ya tatu, taa moja ikazimika. Nikaizungusha, ile giza ikazunguka nayo. Fasi moja tu. Njo Papa akaingia.

— Unafanya nini na fromaji yangu?

— Naiuliza kitu, Papa.

— Miye njo naulizaka fromaji hapa.

Akaisogeza kwake. To-to-to. Aliinama, alifunga macho. Kusema kweli alikuwa muzuri kuangalia, kama muntu mwenye anaomba. Akasema: "Inajibu." Akachukua kisu.

— Papa, mashini inasema iko tundu. Pale.

— Hizi taa za Noeli?

— Tuikate.

— Fromaji yenye inajibu haikatwake.

Sijue nani alinipa ile roho. Nilitoa kisu mu mukono yake, ya muzee, nikakata pale pale.

Tundu. Na kale kamaji kenye kananuka.

Kasikio, majuma yote nilikuwa nangojea hii saa. Nilikuwa nimepanga ata vile nitasimama. Nikamuangalia, na furaha yote ikanitoka kama maji mu kikapo. Papa alikuwa ameinamisha sikio ya kuume juu ya ile kipande, akapiga. Kisha sikio ya kushoto, akapiga. Polepole. Halafu akasema:

— Kétsia.

Ilikuwa mara ya kwanza anataja jina yangu.

— Funga mulango.

Nikafunga.

— Toka ile bombe, niko na nyenje mu kichwa. Inaimba, haipumzike. Sauti nene naisikia. Lakini kale kembamba ka juu, kenye kanasemaka kama iko tundu, kalikwenda na ile ng'ombe.

— Na juu ya nini unaendelea kupiga?

— Watu wamekwisha kunyamaza wanangojea. Nisipopiga, watajua.

— Mama Béata anajua?

— Anajua nasikia mubaya. Hajue kama sisikie fromaji.

Mvua ilianguka ku mabati. Akauliza kama ni mvua ao ni nyenje. Nikamuambia ni mvua.

Tarehe 18

Papa hakutoka. Nimegeuza fromaji peke yangu, zote. Nilikuwa nasema ni muzee wa kiburi. Kumbe ni muzee wa woga. Ni kitu ingine kabisa.

Tarehe 20

Amekuja ameshakata shauri.

— Meza iko tayari na masikio yake, sivyo? Ule ubao wa juu, nitasema ni ya kushika fromaji isiteleze. Taa utazificha mu sanduku chini, fasi wewe peke unaziona, utaikaa pembeni yangu unaandika. Ikijibu, unanikanyaga muguu mara moja. Ikinyamaza, mara mbili.

— Papa, ni uongo.

— Fromaji yenye tutauzisha itakuwa muzima ao mubovu?

— Muzima.

— Sasa uongo iko wapi?

Niko naitafuta mupaka sasa. Iko, najua iko, lakini kila mara naikaribia inahama.

Tarehe 25

Mazoezi. Tumepima tena fromaji zote za chini ya kitanda, tumefuta alama ku zile mubovu. Papa ananiuliza kila kitu: hii waya inaenda wapi, juu ya nini mafuta. Ameniambia tundu inapendaka kukaa karibu na katikati, nimesogeza mustari ya vipande, na ni kweli, sasa hakuna yenye inatuponyoka.

Leo kiroboto imeniuma, nikatikisa muguu, nikamukanyaga mara mbili bila kusudi. Papa, bila kupepesa: "Imenyamaza!" Ilikuwa muzuri kupita zote. Mangaribi tukaikula. Mama Béata alitafuna, akamuangalia, akaniangalia: "Imenyamaza gani yenye iko tamu hivi?" Papa alicheka mupaka machozi. Sikuwaka nimemuona anacheka.

Tarehe 31

Mvua. Masasi mbali. Viazi.

Tarehe 9, mwezi wa kumi na moja

Barabara imefunguka! Mama Kavira ametuma sauti: "Niko nakuja. Mutayarishe, na Mungu atayarishe vilevile."

Tarehe 11

Kasikio, naandika nyuma ya etajere, kaye ku magoti, uvumilie mwandiko.

Fuso ilifika asubui. Kilima nzima ilikuwa pale, ata Archange, amevaa shati safi. Mama Kavira alishuka: "Wagonjwa wangu wako wapi?" Akavuta kiti mbele ya meza, akaikaa kama juje mwenye kukata kesi.

Tukaanza. Watu wakanyamaza. Papa akapaka mafuta ("ni juu ya ngozi isikauke, Mama"), akaweka ubao, akapiga, to-to-to, akafunga macho. Taa munane. Muguu mara moja. "Inajibu." Ingine. "Inajibu." Ingine, taa mbili za katikati giza. Muguu mara mbili. "Imenyamaza."

Mama Kavira akainua mukono.

— Nipe hiyo. Kisu.

Akaikata. Tundu. Akachukua moja ya "inajibu," yenye alijichagulia mwenyewe, akaikata vilevile. Imejaa, ya manjano, safi kama mwezi. Watu wakapiga mikono. Katekiste alisema "Amina." Papa alisimama pale, na Kasikio, alikuwa mrefu. Sikujuaka ni mrefu hivyo.

Mama Kavira akaendelea kupima, anafurahi, na rozari yake ikakatika. Shanga zikatawanyika chini ya meza. Akainama kuzikusanya. Alikawia. Akainuka polepole, shanga mu kiganja. Akasema tu:

— Tupumzike kidogo. Mama Béata, uko na chai? Dada Kétsia, kuja unionyeshe fasi ya kunawa.

Nyuma ya gari akanishika mukono.

— Miye nilizaa watoto saba. Najua miguu yenye inaongea chini ya meza.

— Mama…

— Bado. Nimeona waya. Nikuulize moja tu: nani anasikia, Papa ao ile mashini yako?

Niliangalia shanga mu kiganja yake.

— Kama ni Papa, sawa, waya ni mambo yenu ya nyumba, sitauliza tena. Nabeba zote, narudi kila mara barabara inafunguka. Kama ni mashini, uniambie, sitakasirika, sitapiga kelele mbele ya watu. Lakini sitauzisha tena sikio ya muntu mwenye hasikie. Miye napita mu masasi na hii alama, nikisema "mistari mbili" lazima nijue nasema nini. Kama ni mashini, nachukua mashini. Unapanda leo na meza yako. Ku depo yangu ya Goma kurant iko, watu wenye kujua hii vitu wako, fromaji ya vilima vyote itapita mu mikono yako.

— Na Papa?

— Atatengeneza kama wengine. Bila mistari.

— Na watu wa maziwa?

— Fromaji yenye imejaa nitainunua. Ya kwake, ya mwengine, kwangu ni moja.

Akaachia mukono yangu.

— Usijibu mbio. Nakunywa chai. Kikombe ikiisha, unijibu. Na mudomo, siyo na muguu.

Goma, Kasikio! Vitu vyote vyenye nilisoma juu ya mapicha tu, kule viko. Ningetengeneza mustari ya kumi na sita, ya makumi tatu! Na sitakuwa nasema uongo, nitakuwa nasema kweli, kweli tupu, na ile kweli inanibeba mupaka fasi yenye nataka kwenda. Njo inaniogopesha. Kweli yenye inanifaa hivi, ni kweli ya nani?

Na nikisema ni Papa? Mama Kavira anabeba, kilima inaishi, mustari ya makopo inabaki moja. Lakini yeye alinitazama mu macho. Na siku kole itapasuka, ao batri itazimika katikati, nani atasikia?

Kupitia mbao za etajere namuona Papa. Hakusikia ata neno ya yale tulisema. Anaona tu Mama Kavira anakunywa chai na anamuchekea, anafikiri ameshinda. Ameshaweka fromaji ingine ku meza, anaipanguza na mukono ya shati. Watu wameanza kunyamaza. Chini ya meza amesogeza muguu yake mbele, fasi yenye yangu inakaaka. Anangojea.

Mama Kavira anapuliza chai. Kikombe imebaki nusu.

Kasikio, wewe mwenye unasikia yote: ungekuwa miye, ungemujibu nini?